Mwembesongo na Tarihi ya Hadidiski

Vitabu vya maelekezo humfundisha mnunuzi wa hadidiski kuuliza mambo mawili, ukubwa wake na mwendo wake. Lakini mtu wa Mwembesongo, katika Manispaa ya Morogoro, ambaye ameishi na chombo hicho tangu kompyuta zilipoanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida, hutanguliza suala la tatu ambalo waandishi wa vitabu hivyo hawakuliwaza, nalo ni: imetoka wapi? Wageni hulidhania suala hilo kuwa ni ushamba. Walakini lina asili yake katika tarihi ya mji huu na ya nchi hii, na mtu akiifuata tarihi hiyo toka mwanzo ataona kwamba kuchagua hadidiski hapa petu kumekuwa, aghalabu, ni kuchagua miongoni mwa vyombo vilivyokwisha kuishi maisha mengine, katika nchi nyingine, kabla ya kufika chini ya Milima ya Uluguru.

Hadidiski ya kwanza duniani ilitangazwa na kampuni ya IBM mwezi wa Septemba 1956, baada ya kazi ya miaka kadhaa iliyofanyika San Jose, California, chini ya uongozi wa mhandisi Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya kabati lenye uzito wa tani moja hivi; na pamoja na heba yote hiyo haikuweza kuchukua zaidi ya herufi milioni tano, kiasi ambacho leo hakitoshi kuhifadhi picha chache za simu. Morogoro ya mwaka ule ilikuwa mji wa reli na mkonge, na watu walikuwa bado wakizungumza ghasia za Matombo za Julai 1955, Waluguru walipoyakataa matuta waliyoshurutishwa kuyachimba milimani na serikali ya kikoloni. Khabari za mambo hayo ziliandikwa kwa taipureta na kufungwa katika mafaili, na hapana karani yeyote wa boma ambaye angeweza kudhani kwamba siku moja mafaili ya wilaya nzima yangeingia katika mfuko wa shati.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za serikali. Matumaini yalikuwa makubwa, na hasara ikawa kubwa vilevile; hesabu zilivurugika, na mitambo ilihitaji fedha za kigeni na wataalamu wa kigeni, vitu viwili ambavyo taifa changa halikuwa navyo kwa wingi. Hata mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, ila kwa idhini maalumu. Wako wanaoicheka amri hiyo leo. Mimi siicheki, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuona mashine moja ikila fedha bila kutoa hesabu sahihi ana haki ya kutahadhari kabla ya kununua ya pili. Ila naona kwamba tahadhari hiyo ilidumu kupita haja yake, na taksiri yake kubwa ilikuwa kwamba miaka ya marufuku ndiyo hasa miaka ambayo hadidiski ilitoka kabatini ikapanda mezani. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya megabaiti 5 yenye upana wa inchi tano na robo. Mwaka 1983 IBM ikauza kompyuta ya mezani, XT, yenye diski ya megabaiti 10 ndani yake. Wakati watu wa nchi nyingine wakijifunza kwa makosa yao wenyewe namna ya kununua chombo hiki, sisi tulikuwa tukijifunza namna ya kuandika barua ya kuomba kibali.

Amri ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 mlango ukawa wazi. Morogoro ilikuwa na sababu zake za kuingia mapema katika shughuli hii, nazo zilikuwa vyuo. Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kilikuwapo Mzumbe tangu 1972, kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984. Na pahala penye wanafunzi wa vyuo pana tasnifu, na penye tasnifu pana haja ya mpiga chapa. Maduka ya steshenari, ambayo awali yalikuwa na taipureta na mashine ya kutoa nakala, yakaanza kununua kompyuta, na kompyuta hizo, kama nguo na baiskeli, zilikuwa mitumba: zimetumika katika ofisi na shule za Ulaya, au zimepitia Dubai, zikashuka bandarini Dar es Salaam, zikauzwa Kariakoo, kisha zikapanda basi kwa safari ya kilomita 190 hivi hadi hapa. Kutoka steshenari zikaingia majumbani. Mwalimu alinunua ya kutungia mitihani, mzee wa kanisa ya orodha ya waumini, na kijana asiye na ajira alinunua ili awe yeye mwenyewe steshenari.

Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba hakuchagua hadidiski. Aliipokea ikiwa ndani ya sipiyu, kama mtu apokeavyo zawadi asiyoichagua, na uchaguzi wake wa kwanza ulimfikia siku ile diski hiyo ya kwanza ilipokufa. Hapo ndipo alipomjua fundi, na fundi alimfunulia jambo ambalo hakulitazamia: kwamba diski kubwa si lazima iwe diski bora, maana mashine nayo ina kikomo cha kuhesabu. Kompyuta nyingi za zamani zilizoletwa hapa zilitengenezwa kwa kanuni ambayo haikuweza kuhesabu zaidi ya gigabaiti 137, na nyingine, kongwe zaidi, zilikomea 32 au hata pungufu ya 9. Mtu aliyesafiri mpaka Kariakoo akarudi na diski ya gigabaiti 160, akiwa amelipia kila gigabaiti, alifungiwa diski hiyo katika sipiyu yake ya zamani akaona sehemu ya mali yake haionekani, au mbaya zaidi, inaonekana kwa muda kisha maandishi yanaanza kuandikwa juu ya maandishi. Kadhalika palikuwa na tofauti ya nyaya, kwa sababu diski za zamani zilitumia waya mpana wenye tundu 40 uitwao IDE, na zile zilizoanza kutoka mwaka 2003 zikatumia waya mwembamba wa SATA, na ya huku haikuingia kule. Hivyo fundi mwema aliagiza aletewe kwanza sipiyu yenyewe, akaifungua, akaitazama, ndipo akasema ni diski gani ikatafutwe.

Jambo jingine lililofuatana na umtumba ni kwamba diski hizi hazikuja tupu. Aliyejua kutumia programu za kurudisha vilivyofutwa aliweza kuona barua za shule fulani ya Uingereza, hesabu za ofisi asiyoijua, picha za harusi za watu wa mbali. Khabari hii haikuwa ya kwetu peke yetu: mwaka 2009 ilijulikana kwamba wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua hadidiski katika soko la Tema, nchini Ghana, kwa dola 40, wakakuta ndani yake nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani. Kwa mnunuzi wa hapa nyaraka za namna hiyo hazikuwa na faida. Faida ilikuwa katika kujua umri wa chombo, na tarehe za barua za watu wale zilimwonyesha fundi diski ilianza kazi lini na ilistaafishwa lini.

Sasa nitaje adui mkubwa, ambaye ni umeme. Mkoa wa Morogoro ndio wenye kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme wa maji ya Ruaha Mkuu mwaka 1975 na ambacho kwa uwezo wake wa megawati 204 kilikuwa kwa miaka mingi tegemeo la gridi ya taifa. Na bado mkoa huu haukusalimika na giza, kwani mvua zilipokosekana na bwawa la Mtera likashuka, kama ilivyokuwa mwaka 2006 na tena 2011, mgao ulitupata sisi kama ulivyowapata walio mbali na mto. Ili mtu afahamu kwa nini jambo hilo liwe msiba kwa hadidiski, yampasa ajue kinachotendeka ndani yake. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea ambacho hakiigusi, kikibebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, katika mwanya mdogo kuliko chembe ya moshi. Umeme ukikatika ghafla, diski za kisasa hutumia nguvu iliyobaki ya mzunguko ili kukirudisha kichwa pahala pake pa mapumziko kabla sahani hazijasimama, na kwa hiyo ile dhana ya kwamba kila mkatiko hukwaruza sahani si kweli. Kilichoharibika mara nyingi kilikuwa kile kilichokuwa kikiandikwa wakati ule: sura ya tasnifu, au, jambo baya kuliko hilo, orodha ya ndani inayoiambia kompyuta kila faili liko wapi. Nao umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo, na kishindo hicho kiliunguza kibao cha mitambo kilicho chini ya diski, hali sahani zenyewe zikibaki salama na amana yake yote, isiyosomeka.

Kutokana na hayo pakazuka desturi ambazo mgeni huzistaajabia. Umeme ukikatika, mtu huchomoa plagi zote, na ukirudi hungoja hata uhakikike kwamba umerudi kwa nia ya kukaa. Yule aliyekuwa na fedha za kununua diski kubwa zaidi alishauriwa na fundi aridhike na ndogo, na tofauti ya bei aiweke katika stabilaiza au yuupiesi. Kwa rai yangu hilo ndilo shauri lililo bora kuliko yote yaliyopata kutolewa juu ya hadidiski katika mji huu, na halimo katika kitabu chochote cha watengenezaji.

Walakini kuna wakati ambapo fedha hazikutosha hata kwa ndogo, na sababu ilikuwa mbali sana na Morogoro. Katika miezi ya mwisho ya 2011 mafuriko yalifunika viwanda vya Thailand, nchi iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya hadidiski za ulimwengu, na kiwanda cha Western Digital cha Bang Pa-in kikajaa maji. Bei zikapanda karibu maradufu katika masoko ya dunia na zikachelewa kushuka. Mitumba nayo ikapanda, kwa kuwa waliozoea kununua mpya waliigeukia. Kadhalika wauzaji wenyewe walikuwa wakipungua: Seagate ilikuwa imekwisha kuinunua Maxtor mwaka 2006 na sasa ikachukua shughuli ya diski ya Samsung, Western Digital ikanunua ile ya Hitachi, ambayo nayo ilikuwa imeirithi kutoka IBM, hata leo wamebaki watatu tu, hao wawili na Toshiba.

Ni wakati wa uhaba ndipo hadaa hustawi. Zikaanza kuonekana hadidiski za nje, za kubeba mkononi, zenye maandishi ya terabaiti mbili na bei ya kustaajabisha, ambazo mtu akizifungua hukuta flashi ndogo iliyobandikwa gundi pembeni ya kipande cha chuma kilichowekwa kwa ajili ya uzito. Flashi hiyo ilikuwa imefundishwa kusema uwongo: iliiambia kompyuta kuwa ni kubwa, ikapokea mafaili yote bila kulalamika, na ilipojaa ilianza upya mwanzo, ikifuta ya jana ili kupokea ya leo, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana kana kwamba yapo. Dawa yake ilikuwa kujaza chombo chote mbele ya muuzaji na kukisoma tena, jambo linalotaka saa nyingi na muuzaji mwenye subira. Iko hadaa nyingine ambayo watu wameidhania hadaa nayo si hadaa: diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonekana katika Windows kuwa ni 465, na wateja wengi wamegombana na wauzaji waaminifu kwa ajili ya hizo 35. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na programu huhesabu kwa 1,024, basi, hapana aliyeiba.

Mafundi wenyewe wamegawanyika kwa majina, huyu hataki kusikia Seagate na yule hataki kusikia Western Digital, na kila mmoja ana maiti za upande wa pili kabatini kwake kuwa ushahidi. Ushahidi huo una kasoro. Diski za IBM za mwaka 2000 zilizoitwa Deskstar 75GXP zilikufa kwa wingi hata wanunuzi wakaishtaki kampuni, ingawa jina la IBM lilikuwa ndilo lililoheshimiwa kuliko yote. Na kampuni ya Backblaze ya Marekani, yenye maelfu ya diski zinazofanya kazi usiku na mchana, ilipotangaza mwaka 2014 hesabu za zinazokufa, ilidhihirika kwamba katika kampuni moja hiyo hiyo umo mfano unaodumu na mfano usiodumu. Programu ya Kijapani iitwayo CrystalDiskInfo imesaidia zaidi kuliko mabishano yote, kwa sababu inaisomea diski umri wake: saa ilizowashwa, na sekta zilizohamishwa kwa kuwa za asili zimeharibika. Diski ya ofisini huwashwa kama saa elfu mbili kwa mwaka. Diski inayoonyesha saa 30,000 na muuzaji anaapa kuwa imetumika kidogo huenda imetoka katika kamera za ulinzi, ambako haikulala kwa miaka mitatu na miezi mitano. Mimi ningenunua bila kusita diski ya zamani ambayo umri wake nimeusoma, niiache mpya ambayo nasaba yake haijulikani.

Lakini waliozijua hadidiski kuliko mafundi, katika mitaa kama ya Mwembesongo, walikuwa wenye vibanda vya nyimbo na muvi. Steshenari iliiwasha kompyuta yake ikiwapo kazi. Kibanda kiliiwasha toka asubuhi hata usiku, katika joto la chini ya bati na vumbi la kiangazi, diski tatu au nne zikinakili bila kupumzika katika flashi na kadi za simu za wateja. Humo mlikuwamo filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kwa mtindo ambao msimuliaji Lufufu aliupatia umaarufu, mlikuwamo mawaidha na kwaya, na mlikuwamo, bila ya mwenye kibanda kujipa cheo hicho, makavazi ya muziki wa Morogoro. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, aliyefariki mwaka 1965, na za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, zilianza katika santuri na kanda za redio, zikahamia kaseti, zikahamia CD, zikaishia katika hadidiski ya kibandani. Waluguru wa Kinole wanalijua jambo la namna hii tangu zamani: chifu wao Kingalu hufa na Kingalu yupo, kwa kuwa jina hurithishwa mwingine na kuendelea.

Sheria haikupendezwa na vibanda hivyo, na haikukosea. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilimpa msanii haki ambayo kibanda hakikuitambua hata kidogo, na stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye CD na DVD mwaka 2013 hazikuweza kubandikwa kwenye faili lililohama toka diski hadi flashi. Msanii alipunjwa, hilo halina utetezi. Na bado nathubutu kusema kwamba ziko nyimbo za zamani ambazo watoto wa mji huu wasingezisikia lau si mtu mmoja kuwa mchoyo wa sahani zake, akanunua diski ya pili si kwa kuwa ya kwanza imejaa bali kwa kuwa aliisikia ikianza kugonga. Mtu huyo, ambaye chombo kikifa riziki nayo hufa, ndiye aliyeutangulia mji mzima kufahamu kwamba diski mbili za gigabaiti 500 zenye mambo yale yale zinafaa kuliko moja ya terabaiti.

Siku hizi SSD, diski isiyo na sahani wala kichwa, imeingia, na kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikichukua muda wa kupika chai hadi kuwaka huwaka mara moja ikifungwa SSD ya gigabaiti 240 au 256. Haiogopi kuangushwa. Kwa kuwekea Windows na programu za kila siku sioni sababu ya mtu kutafuta kingine. Kwa kuweka picha za wazazi kabatini miaka mingi bila kuwashwa siishauri, kwa kuwa chaji inayohifadhi maandishi ndani yake huvuja polepole, na huvuja upesi zaidi katika joto na katika chombo kilichochakaa. Na joto hapa si haba. Kwa hiyo hadidiski ya sahani imebaki na kazi yake: ya kamera za ulinzi madukani, ya vibanda vilivyosalimika na intaneti ya simu, na ya mtu anayetaka nafasi nyingi kwa fedha kidogo. Huyo wa mwisho na atazame zaidi ya bei, kwani tangu mwaka 2020 ilipofichuka kwamba baadhi ya diski za Western Digital zilikuwa zikiandikwa kwa mistari inayolaliana bila mnunuzi kuambiwa, imejulikana kuwa diski za namna hiyo hupungua kasi mno zikiandikwa mfululizo, ingawa kwa kuhifadhi tu hazina ubaya.

Mafundi wenye busara hawajaitupa sipiyu ya zamani yenye waya mpana wa IDE. Huletewa diski ya gigabaiti 40 iliyofungwa katika gazeti, mara nyingi na mtu ambaye mzazi wake amefariki na kuna hati ya kiwanja au picha ya zamani inayodhaniwa kuwamo. Fundi huifunga, huisikiliza, na ikizunguka hunakili kwanza vyote vilivyomo kabla ya kufungua chochote. Malipo huyataka kabla ya kuiwasha.